Pua ya Mrina wa Mtua

Kabla hajasalimia, alinusa. Aliingia kwenye duka langu la manukato Ruangwa, akasimama mlangoni, akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Leo umeuza ile ya chupa ya kijani." Na kweli nilikuwa nimeiuza muda si mrefu, kwa kijana wa bodaboda aliyejimwagia robo yake hapo hapo kaunta. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kumwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fungua dirisha, mwanangu, utakufa humu."

Sitasema alizaliwa mwaka gani wala ni wa ukoo gani. Hayo wanayo wenzake wa kijijini kwao Mtua, na hata wao wakikaa kuyazungumza hawafiki mwisho bila kugombana. Mimi nilimjua kwa kazi. Alikuwa mrina asali, na sote tulimwita Mrina, kuanzia watoto wa shule hadi wazee wa msikitini, mpaka siku moja karani fulani alipomwuliza jina lake kamili ilibidi afikiri kwanza.

Mizinga yake alikuwa ameitundika porini, nyuma ya mashamba ya korosho ya Mtua, lakini sifa yake ilikuwa sokoni. Siku za soko alikuja Ruangwa na kukaa kwenye kigoda pembeni ya duka langu, mwanzoni kwa sababu ya kivuli, baadaye kwa sababu tulizoeana. Mwenye ndoo ya asali kutoka Chinongwe au kokote kule alianza kwake kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Mrina alichovya kijiti, akapaka kidogo mgongoni mwa mkono, akangoja, akanusa. "Hii ya mikorosho." "Hii ya ufuta, na aliyeirina alikuwa na haraka, moshi umeingia." "Hii imeogeshwa," yaani imetiwa maji ya sukari, na mwenye ndoo alifunika ndoo yake akaondoka bila kubisha. Wanunuzi hawakuonja tena baada yake. Hakuwa na mzani wala muhuri wa mtu yeyote. Heshima yake yote ilikaa katikati ya uso, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa ambayo nyuki waliyapenda sana. Watu walidhani haogopi nyuki. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama nimemtukana.

"Mrina asiyeogopa nyuki ni mwongo au ni maiti," alisema. "Mimi nawaogopa kila siku. Ndiyo maana nawaheshimu."

Heshima hiyo ilikuwa na masharti. Siku ya kwenda mizingani hakugusa sabuni ya harufu, hakujipaka chochote, na alivaa suruali moja iliyochakaa ambayo kazi yake ilikuwa kunuka moshi tu. Siku mbili kabla, hakula ndizi mbivu wala hakukaa karibu na anayekula. Ukimwuliza kwa nini, alijibu kwamba nyuki wakisikia harufu ya ndizi mbivu hudhani mwenzao ameshapigana, basi wote hutoka kumsaidia. Niliwahi kumkuta kwenye msiba Nachingwea akihama mkeka kwa sababu jirani yake alikuwa anamenya ndizi. Mwenye ndizi alidhani amedharauliwa, na ilichukua nusu saa kuwapatanisha.

Kwa hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya kunukia. Ijumaa hakurina. Alioga, akavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, akajitia manukato, na akaenda msikitini akitembea polepole ili watu wamwone vizuri. Alikuwa na majivuno, tusifichane. Alipenda sana kuulizwa, "Mzee, umepaka nini leo?" ili apate nafasi ya kukataa kusema.

Na alikuwa na vituko vyake. Mtu aliyeishi kwa asali maisha yake yote alikunywa chai kwa sukari, vijiko vitatu. Nilipomcheka alisema fundi seremala halali juu ya mbao. Alichukia uongo wa asali, lakini umri wake aliupunguza kila alipopata mwanya, na kila mwaka ulipungua zaidi. Kilichoniudhi kwake kilikuwa kimoja. Alikuwa na binti, mtu mzima aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, na ndiye aliyechuja asali yote, akafua, akapika, akamfunga baba yake kitambaa alipong'atwa. Mimi, mtoto wa watu, Mrina alinifundisha kunusa. Binti yake mwenyewe hakuwahi hata kuulizwa kitu kinanukaje.

"Wanawake pua zao zimejaa moshi wa jikoni," alinieleza. Maneno hayo yalitoka kwa mzee ambaye moshi ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa. Nilicheka, nikanyamaza, kwa sababu aliyekuwa anafaidika ni mimi.

Namna alivyonifundisha nitaisema, maana hata leo nauza kwa mafunzo yale. Nilipofungua duka nilijua maneno mawili tu: "inadumu" na "orijino". Siku moja Mrina alinyanyua chupa akaniuliza, "Hii inanukiaje?"

"Inanukia vizuri sana, Mzee."

"Vizuri siyo harufu. Nimekuuliza inanukiaje."

Akaniambia, "Kanawe mikono kwa majivu, kisha ukae hapa." Nilidhani utani. Nilikwenda kwa mama anayekaanga mihogo, nikaomba majivu, nikanawa mpaka manukato yakaniisha vidoleni, nikarudi kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na watu wakipita wakauliza nimefanya kosa gani. Akanipaka asali mgongoni mwa mkono, akaniambia nifumbe macho na niseme ninachokiona. Nikasema naona utamu. Akasema utamu uko mdomoni, rudi puani. Tulikaa hivyo siku nyingi za soko, mpaka nikaanza kusikia ua, na nyuma ya ua moshi, na nyuma ya moshi ile harufu kavu ya nta, kama mshumaa uliozimwa chumba cha pili. Nta ndiyo niliyoisahau kila mara, na kila mara alinigonga goti na kuniambia, "Umesahau nta."

Sasa nije kwenye chupa.

Msimu mmoja wa ufuta alikuja bwana mmoja mnunuzi, mwenye saa nzito, akaniagiza pafyumu ya kiume ya kifahari ambayo watu wa mjini walikuwa wanaisifia. Niliitafuta Dar es Salaam kwa jasho. Ilikuja kwenye boksi lenye kitambaa ndani, chupa nzito ya rangi ya kahawia, kifuniko chake kikifunga kwa mlio wa mlango wa gari jipya. Yule bwana alijipulizia mara moja, akakunja uso.

"Hii ni asali!"

"Ndiyo yenyewe, bosi. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Kijana, mimi nalipia harufu ya mjini, wewe unaniletea harufu ya mzinga?" Akaondoka. Chupa ikabaki mikononi mwangu, na mimi nikabaki na hofu kwamba labda nimeuziwa feki.

Nilimpa Mrina aiamue. Aliikataa chupa yenyewe. Alisema chupani kila kitu ni kizuri, manukato huamuliwa kwenye ngozi, na ngozi inataka muda. Akanitaka nimpulizie kidogo mkononi siku tatu mfululizo, na siku hizo tatu akalala kwa ndugu yake hapa Ruangwa na hakukanyaga porini kabisa.

Siku ya kwanza alisema, "Inapiga kelele. Maganda ya chungwa, pilipili manga. Ngoja." Siku ya pili alisema asali imefika, asali ya porini iliyokaa kwenye sega mpaka ikawa nyeusi, na nyuma yake kuna tumbaku na ngozi ya mkanda mpya. Siku ya tatu alikaa na mkono puani. Wateja wawili waliingia na kutoka.

"Aliyeitunga hii," alisema hatimaye, "aliwahi kuumwa na nyuki."

"Kwa hiyo ni orijino?"

"Ya orijino siyajui. Wengi wakitaka kuiga asali wanaiga sukari. Huyu ameiga mzinga. Amejua kwamba mzinga una utamu na una hasira."

Nilimpa ile chupa. Mke wangu hakusema nami siku mbili, na alikuwa na haki, lakini hata leo sijui ningempa nani mwingine. Na Mrina alivyoitumia ilikuwa raha kutazama. Hakujipulizia mwilini. Alipuliza kwenye kijiko cha chai, akachovya ncha ya kidole, akagusa nyuma ya sikio moja, kisha la pili, na kilichobaki akajifuta kifuani. "Tone moja," alisema. "Manukato ni kwa ajili ya anayekukumbatia. Anayepita barabarani umemkosea nini?" Ijumaa msikitini ulimpa mkono, ukamkaribia, na hapo tu ndipo ulipopata ile asali nyeusi, halafu akaondoka nayo. Watu walimfuata nje wakiuliza. Hakusema. Kwa chupa ile angeweza kuishi miaka kumi.

Iliisha nusu kwa miezi michache.

Nililiona hilo kwa kuchelewa, na najilaumu. Masika alishikwa na mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Alipopona alirudi sokoni, na harufu yake ikafika kabla yake. Vijana wa bodaboda walishangilia, "Mzee, unyunyu umekolea!" Wazee wakasema Mrina amepata mchumba Nachingwea. Yeye alicheka, akajishika ndevu, hakukanusha. Alijua kwamba mzee anayedhaniwa ana mchumba haulizwi maswali mengine.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeangusha chupa nzima ya manukato ya waridi sakafuni. Duka lilikuwa halikaliki, mimi mwenyewe nilikuwa nauzia mlangoni. Mrina alipita katikati ya harufu ile, akaingia ndani, akakaa, akaninyooshea mkono.

"Habari za tangu siku nyingi, mwanangu?"

Alisalimia kwanza. Nilitazama vipande vya chupa kwenye kona, kisha nikamtazama yeye.

Muda mfupi baadaye kuna mtu alileta ndoo kutoka Chinongwe. Asali ilikuwa imechacha. Nilisikia ule ukali nikiwa nyuma ya kaunta. Mrina alichovya kijiti, akapaka, akangoja, akanusa kama kawaida yake, macho yamefumbwa. Kisha akafumbua, akaitazama rangi, akamtazama mwenye ndoo usoni, akamwuliza aliirina lini, kwenye mti gani, aliihifadhi wapi. Hakuwahi kuuliza maswali hayo tangu nimjue. "Nzuri," akasema. Mwenye ndoo mwenyewe alishtuka. Nilipaswa kusema neno. Sikusema, kwa sababu kusema kungemvua nguo mbele ya soko zima, na mnunuzi akaichukua ile ndoo kwa imani ya Mrina.

Basi tukawa wawili tunaobeba jambo moja bila kuambiana. Kila siku ya soko aliwauliza watu maswali, akabahatisha, na mara nyingi alipatia, maana macho yake na akili yake havikuwa vimeumwa mafua. Nami nilianza kukohoa ndoo ikiwa mbaya. Sijui kama alikielewa kikohozi changu. Nafikiri alikielewa.

Kisha nyuki wake wakamgeuka.

Habari ilifika Ruangwa ikiwa na mbwembwe: nyuki wa Mrina wamemvamia mzingani, wamemfukuza mpaka kwenye shamba la korosho, kaanguka, kavimba hajulikani. Watu walicheka kwanza, wakaogopa baadaye. Wengine walisema nyuki wameona wivu kwa sababu ya mchumba. Mimi nilikodi bodaboda siku iliyofuata nikaenda Mtua. Njia nzima nilikuwa nawaza ile chupa, na kwamba mkono uliompa ni wangu.

Nilimkuta ameketi kitandani, uso umejaa, jicho moja limeziba, masikio yamekuwa makubwa kupita hata desturi yake. Binti yake alikuwa kibarazani akichuja asali, mlango wazi kati yetu. Nilimwamkia Mrina, akaitikia.

"Sikupaka kitu siku ile," alisema bila kuulizwa. "Wallahi sikupaka. Nilipaka Ijumaa, nikaenda mizingani Jumatatu. Nilioga kwa maji matupu. Nimefanya hivi miaka yote. Kwa nini wamenikataa?"

Lile "wamenikataa" lilinichoma. Hakulalamika kuhusu maumivu hata kidogo.

"Mzee," nikasema, "tangu masika husikii harufu."

Jicho lake zima lilinitazama kwa muda. Nilidhani atanifukuza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Hujamwambia mtu?"

"Sijamwambia."

Akashusha pumzi. Akaniambia kwamba mafua yalipokwisha aliisubiri pua yake irudi kama mtu anavyosubiri mbuzi aliyepotea, kila asubuhi anafungua mlango anatazama. Haikurudi. Asali ikawa kwake kitu kizito kinachonata, basi. Alikuwa akipuliza ile pafyumu, hasikii, anaongeza, hasikii, anaongeza. "Siku nikiwaambia pale sokoni, nitakuwa mzee mfupi aliyekaa kwenye kigoda," alisema. "Na nisipowaambia nitakuwa mwongo. Ile ndoo ya Chinongwe ilikuwa imechacha, eti?"

"Ilikuwa imechacha."

"Baada ya pale ukaanza kukohoa. Nikajua."

Chupa ilikuwa kwenye rafu, juu ya kichwa chake. Akaniashiria niishushe. "Paka mkononi mwako," akasema. "Halafu niambie. Usiseme vizuri."

Nikatoka kunawa, nikarudi, nikapuliza kwenye kijiko, nikachovya kidole, nikapaka mgongoni mwa mkono. Nikafumba macho. Nikamwambia chungwa linapiga kelele. Tukangoja. Nikamwambia asali imekuja, nyeusi, ya sega la zamani. Nikamwambia tumbaku iliyokauka, nikamwambia mkanda mpya wa ngozi. Nilikwenda taratibu kama alivyonifundisha, kwa sababu nilijua kwamba yeye kwa wakati ule hakuwa na njia nyingine ya kuifikia isipokuwa mdomo wangu. Alitikisa kichwa kwa kila neno. Nikamaliza.

Kisha akanigonga goti.

"Umesahau nta."

Nikarudisha mkono puani. Nikatafuta. Ilikuwepo, chini kabisa, kavu, imetulia.

"Ipo," nikasema.

"Najua ipo."

Tulicheka wote wawili, yeye kwa shida kwa sababu ya midomo iliyovimba. Na katikati ya kicheko chetu sauti ikatoka kibarazani.

"Na ndizi je?"

Tukageuka. Binti yake hakuwa amesimamisha kazi; asali ilikuwa bado inamtiririka kwenye vidole.

"Ndizi gani?" Mrina aliuliza.

"Ndizi mbivu. Nyie mnainusa mkononi, mimi nafua fulana zako. Hiyo kitu kwenye ngozi ni asali, lakini kwenye nguo ikikaa siku ya tatu inabaki ndizi mbivu. Zamani haikuwa hivyo, ulikuwa unapaka kidogo. Siku hizi fulana ya Ijumaa, ile ya ndani ya kanzu, inaloa. Na Jumatatu ulitoka nayo hiyo hiyo, nilikuona. Nikajua umeamua mwenyewe, maana wewe ndiye mwenye pua."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha. Mimi nilitazama ile chupa, nikakumbuka zile siku tatu za hukumu yetu, hekima yote ile, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kunusa nguo chafu.

Nilidhani nimeona aibu usoni mwa Mrina, lakini uso uliovimba hausomeki.

"Hiyo unayochuja," alimwuliza, "ni ya mti gani?"

"Mikorosho. Ila sega la juu lina ufuta, nililitenga mwanzoni. Lina ukakasi."

"Ulilitenga lini?"

"Huwa nayatenga kila mwaka, baba. Ungeyachanganya."

Mrina aliteremsha miguu yake kitandani, moja moja, akitafuta ndara. Nikataka kumshika, akanisukuma. Akasogeza kigoda chake, kile kile alichokuwa akibeba mpaka Ruangwa, akakiweka katikati ya mlango, na yeye mwenyewe akakaa chini kwenye mkeka.

"Kanawe mikono kwa majivu," akamwambia binti yake, "kisha ukae hapa."